Mafungu

Saa kumi na moja alfajiri, Moshi ina baridi ya mlima.
Nafungua chumba cha mitambo nyuma ya wodi ya watoto,
nawasha kompresa, nasoma geji,
napanga mitungi ya oksijeni
kama wanafunzi wa bweni wanaosubiri uji.
Mtungi unapojazwa, uguse: una joto.
Uguse tena saa nne: umepoa, na mshale wa geji umeshuka.
Hakuna kilichovuja.
Kilichopungua ni mwendo tu.

Humo ndani hakuna aliyekaa.
Kila molekuli ni atomu mbili zilizoshikana,
na ina njia tatu za kwenda:
mbele au nyuma, kando kwa kando, juu au chini.
Ina na njia mbili za kuzunguka,
kama mchi uliorushwa hewani.
(Mchi ukijisokota mahali pake, nani ataona?
Hiyo haihesabiwi.)
Njia tano, basi, na kugongana,
mabilioni ya mara kwa sekunde moja.
Aliyekuja mbio anaondoka taratibu,
aliyekuwa akienda tu anaondoka akizunguka,
mpaka, bila kikao, bila muhuri wa kata,
bila mtu kupiga meza,
kila njia imepata fungu lake, sawa kwa sawa.
Nisieleweke vibaya: wenye kingi wapo humo,
na walioishiwa wapo,
ila sasa hivi tu; kufumba na kufumbua wamebadilishana.

Siku tuliyomzika baba, kule Kibosho,
mbuzi alichinjwa, na mbuzi kwetu ana ramani:
kidari kina mwenyewe, mguu una mwenyewe,
hata ngozi haipotei njia.
Kisha likaja la kihamba.
Elirehema, kifungua mimba, akapewa upande wa mfereji.
Ndelilio, kitinda mimba, akapewa nyumba na migomba ya mbele.
Aminiel wa katikati akaambiwa mjini kazi zipo.
Mimi sikuambiwa kitu.
Nilikuwa jikoni nachuja mbege.

Miaka mingi nikajiliwaza na mitungi yangu:
gesi ina haki kuliko ukoo.
Nikalisema hilo mbele ya Aminiel, kwenye karakana yake Pasua,
naye, miwani myeusi usoni, akaniuliza,
"Zote kweli zinapata?"

Nikanyamaza. Kwa sababu upo mwendo mwingine
ambao sikuutaja:
zile atomu mbili kuvutana na kuachiana,
kama mbavu za mtu anayehema.
Huo, kwa joto la Moshi, haupati karibu chochote.
Haujasahauliwa. Ni kwamba ngazi yake
kipandio cha kwanza kiko juu mno,
na nusu ya kipandio haipo.
Ama uufikie mzima, ama ubaki chini.
Basi umelala katikati ya zogo lote,
wenzake wakigawana juu ya kichwa chake.

Aminiel akafungua vali, akakwangua kiberiti.
Asetilini ikaanza na masizi, moto mwekundu wa kijinga,
kisha akaichanganyia oksijeni, ile ya kununua,
na mwali ukasinyaa, ukawa bluu, mkali kama sindano.
Chuma cha geti la mtu kikaanza kulia machozi.
Humo, nikajua, humo kwenye ncha ya bluu,
waliolala wameamka,
wanatetema, wanachukua chao,
na moto wenyewe unalipa.

Jumamosi nikapanda Kibosho na futi ya kamba.
Elirehema alikuwa mferejini, suruali imekunjwa magotini.
Akanitazama nikipima toka msesewe hadi mpakani,
nikiandika namba kwenye kiganja.
"Mbona una joto hivyo, dada?"
Nikamwambia, "Bado kidogo."

Leo alfajiri mtungi wa kumi na saba umekwenda wodini.
Nimeugusa ukipita.